Papa Swedi na Ubeti wa Kwanza

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa Kikundi cha Michezo ya Kuigiza Jiwe Baridi unawatangazia wanachama wote, majirani wa Murara hapa Goma, na yeyote mwenye kikombe chake, kwamba kuanzia Jumatano tarehe mosi Septemba 2021, bakuli la sukari litarudishwa juu ya meza ya chai. Bakuli hilo limefungiwa ndani ya kabati la biro, yaani ofisi yetu, tangu mwaka 2006. Uamuzi wa kulifungia ulipigiwa kura, na aliyepinga alikuwa mtu mmoja, yule yule aliyekuwa akilimaliza. Uamuzi wa kulifungulia haukuhitaji kura, kwa sababu yule aliyepinga ndiye anayeondoka.

Anaitwa Swedi Mahamudi. Ameitumikia Jiwe Baridi miaka thelathini, tangu Septemba 1991, na anastaafu rasmi Jumanne tarehe 31 Agosti 2021, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na magoti yanayolalamika kila anapopanda jukwaani. Mjini wanamwita Komanda. Wenye pikipiki wanamwita Komanda, polisi wa barabarani wanamwita Komanda, na imamu wa msikiti wake aliwahi kuteleza mara moja akamwita Komanda mbele ya waumini. Sisi wa kazini tunamwita Papa Swedi. Jina analolipenda yeye mwenyewe ni "mwanamuziki", na hilo hakuna anayelitumia.

Habari yote ya kazi yake imo ndani ya hilo jina lisilotumika, kwa hiyo tuanzie huko.

Papa Swedi alizaliwa Murara. Baba yake, muzee Mahamudi, alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kasongo kule Maniema, na mtoto alikua akisafiri juu ya magunia ya maharagwe kati ya Goma na Butembo, akilinda mizigo na kujifunza gitaa. Kwa namna barabara ilivyo, anayejifunza gitaa juu ya lori hujifunza kwanza kulishika lisianguke. Huko Butembo alimpata Masika, binti wa fundi cherehani, kutoka nyumba ya Wakatoliki ambao hata mbuzi wao, inasemekana, alikuwa anakaa kimya wakati wa sala.

Walioana mwaka 1990, na pande zote mbili zilinuna. Kwa akina Swedi walisema msichana ni mzuri, ila anasali Jumapili. Kwa akina Masika walisema kijana ni mpole, ila hasali Jumapili. Hapakuwa na karamu, wala bendi, wala shangazi wa kupiga vigelegele. Badala ya karamu, Papa Swedi alimwahidi mke wake kitu kimoja: atamtungia wimbo, na atamwimbia mbele ya watu, juu ya jukwaa la kweli, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Masika alikubali, ila aliweka sharti.

"Mupaka mwisho, Swedi. Sitaki nusu-nusu."

Ili kutimiza ahadi alihitaji jukwaa. Ndiyo maana alibisha hodi kwetu.

Aliyempokea ni marehemu muzee Adalbert, mwalimu mstaafu aliyeanzisha Jiwe Baridi kwa madawati ya shule na pazia moja. Adalbert alimpa kazi ya kupiga gitaa wakati waigizaji wanabadilisha nguo. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza kimya, na alikijaza vizuri. Wimbo wa Masika ungeingia kwenye programu siku utakapokuwa tayari. Papa Swedi hakuwa na haraka. Ubeti wa kwanza alikuwa nao kabla hajaajiriwa. Wa pili ulikuja baada ya mwaka. Wa tatu aliufuta mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilitoboka.

Wakati anautafuta, sisi tulimtumia kwa mengine. Mwigizaji mmoja akiugua, Swedi anaingia. Alicheza padri, mama mkwe, mlevi, mlango wa hospitali unaokataa kufunguka. Aliwahi kucheza maiti katika mchezo wa mirathi, akapiga chafya katikati ya kilio, na kabla ya ukumbi kupata nafasi ya kucheka alikuwa ameshakaa kitako na kuwaambia warithi, "Nilijua tu. Mimi kukaa kimya kidogo, mumeshagawa mpaka kitanda." Mchezo uliandikwa uishe kwa mazishi. Tangu siku hiyo unaisha kwa maiti kuwafukuza warithi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mwandishi wake, muzee Adalbert, aliyenuna hadi Jumatatu.

Mwaka 1998 wimbo ukakamilika. Beti nne. Adalbert akaupangia Jumamosi. Papa Swedi, ambaye hakutaka kumwimbia mke wake akiwa na jino bovu, akaenda Alhamisi kwa fundi wa meno mmoja wa sokoni. Fundi huyo aling'oa jino, akaliangalia, akaona si lenyewe, akang'oa na jirani yake. Jumamosi asubuhi Papa Swedi alifika kazini na shavu la kushoto lililovimba kama mkate. Kuimba hakuwezekani.

"Kuimba huwezi," Adalbert alimwambia. "Kusimama je?"

Ilitokea kwamba wiki hiyo hiyo tulikuwa tumepungukiwa na mwanajeshi. Wanaotujua wanajua mchezo wetu wa Bariere, yaani kizuizi cha barabarani: kamba imefungwa katikati ya jukwaa, mwanajeshi aitwaye Komanda upande huu, msafiri upande ule. Mchezo hauna maandishi. Watazamaji wanataja kitu chochote kinachowajia kichwani, na kitu hicho ndicho msafiri alichobeba. Mwanajeshi lazima akione kosa lake hapo hapo, na msafiri lazima ajitetee.

Mchezo ulipendwa tangu mwanzo, ila ulikuwa na hatari moja ambayo msomaji wa Goma ameshaijua. Hapa kwetu mtu akifungua mdomo, kabla hajamaliza sentensi umeshajua anatoka wapi, anasali wapi, na pengine shamba la babu yake liko kilima gani. Mwanajeshi wa mchezo lazima aseme, na akisema lazima asikike kama mtu wa mahali fulani. Kufikia 1998 mji ulikuwa umeshabadilisha wenye bunduki, na kila aliyekuja alikuja na Kiswahili chake. Aliyekuwa akicheza mwanajeshi kabla ya hapo alikuwa mwigizaji hodari, lakini kila Jumamosi kulikuwa na watu ukumbini walioitambua lafudhi ya binamu zao. Wiki ile walimsubiri nje. Aliondoka kupitia dirisha la nyuma na hakurudi hata kuchukua viatu vyake.

Basi Papa Swedi akapanda jukwaani na shavu lake. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Haikuwa ya Kinande, wala ya Kihunde, wala ya Kinyarwanda, wala ya Kimaniema, wala ya Kinshasa. Ilikuwa nzito upande mmoja, ikiteleza kwenye baadhi ya herufi na kuzimeza nyingine. Watazamaji walitega masikio kuitafutia kijiji, wakakosa. Julien, aliyekuwa msafiri na ambaye ni msafiri wetu hadi leo, akasimama kwenye kamba. Mtu akapiga kelele, "Yai!"

"Hii yai inatembea peke yake?" Komanda akauliza. "Mama yake eko wapi?"

"Alibaki Sake, mukubwa."

"Na baba?"

"Baba hatumujue, mukubwa."

"Sasa mimi nitajua je kama hii yai ni ya hapa? Vunja, tuone kama inaongea!"

Ukumbi uliinuka. Watu walicheka wakitazamana, kila mmoja akihakikisha kwamba jirani yake pia anacheka, na kwamba hakuna anayechekwa. Kabila la wenye meno mabovu halina kilima wala mwami wa kulitawala, na halijawahi kumsubiri mtu nje ya ukumbi.

Uvimbe ulipokwisha, lafudhi nayo ikaisha. Masika ndiye aliyetengeneza dawa: alishona kifundo cha kitambaa kutoka kwenye shuka kuukuu, kikatosha kabisa kati ya shavu na fizi. Tulikiita "shavu". Kofia, filimbi, shavu: hivyo ndivyo vifaa vya Komanda, na kwa miaka yote hii hakuna kingine kilichoongezwa. Masika alikishona akijua anachokifanya. "Ni ya kazi," alisema, akikata uzi kwa meno. "Wimbo wangu nasubiri."

Jumamosi iliyofuata Papa Swedi alitoka na gitaa, shavu limepona, akaanza wimbo wa Masika. Alimaliza ubeti wa kwanza. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema "Komanda!" na nyingine ikaitikia, na benchi zikaanza kupigwa. Alilaza gitaa, akavaa kofia. Masika alikuwa benchi la mbele, amevaa vizuri.

Hivyo ndivyo Komanda alivyoula ule wimbo. Hakuula kwa siku moja.

Mwaka uliofuata, wenye mji wa wakati huo walimwita. Haikuwa barua; walikuja wawili, wakamwambia mukubwa wao anataka kumwona. Mama Ernestine, mkurugenzi wetu wa leo, ambaye wakati ule alikuwa akitunza nguo za maigizo, alimfuata pamoja na Masika hadi kwenye ua wa biro ya mukubwa huyo, wakakaa kwenye jiwe. Dirisha lilikuwa wazi. Walisikia yote.

"Ile sauti ya Komanda," mukubwa aliuliza, "ni ya nani?"

"Haiko ya mutu, mukubwa. Ni ya jino."

"Usinichezee. Kuna mutu mukubwa sana anaongea vile vile. Nataka kujua nani alikutuma."

Papa Swedi alieleza habari za fundi wa meno. Mukubwa akamtaka aitoe sauti hiyo hapo hapo, aisikie. Papa Swedi hakuweza. Shavu lilikuwa nyumbani. Kwa mtu aliyeshika bunduki, asiyeweza ni sawa na anayeficha. Mukubwa akamuuliza kazi yake hasa ni nini.

"Mimi ni mwanamuziki."

"Basi imba."

Watu wengine wangetetemeka. Papa Swedi, kwa maelezo yake mwenyewe, alifurahi kidogo. Nje ya dirisha Masika alikuwa amekaa, ndani kulikuwa na watu, na meza ya yule mukubwa ilikuwa imeinuliwa kwenye kijukwaa. Akaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka wote, sauti imetulia. Mukubwa akanyanyua mkono.

"Inatosha. Fanya Komanda."

Hapo Masika akasimama, akafungua ncha ya kikwembe alichojifunga, akatoa shavu. Alikuwa nalo muda wote. Alilipitisha dirishani kama mtu anayempa mumewe chakula cha mchana. Papa Swedi akaliweka mahali pake. Mukubwa, ili amjaribu kweli, akataja kitu: "Kiti changu."

Komanda akakizunguka kile kiti, na mwenye kiti akiwa juu yake.

"Hiki kiti kiko na miguu ine," akasema, "na hakijaenda vitani hata siku moja."

Mukubwa hakucheka. Waliocheka ni wale wawili mlangoni, na waliishia katikati. Kisha mukubwa akasema, polepole, kwamba kweli hiyo si sauti ya yule aliyemdhania. Yule hana ucheshi. Akamwambia aende. Walitembea wote watatu hadi barabara kubwa. Ndipo Masika akauliza:

"Umefika wapi?"

"Ubeti wa kwanza."

"Si mbaya," akasema Masika. "Ya leo tuache tu."

Muzee Adalbert alifariki mwaka 2001 na Mama Ernestine akashika uongozi. Jambo la kwanza aliloamua ni kwamba Jumamosi tarehe 19 Januari 2002 wimbo wa Masika utaimbwa na Komanda atakaa nyumbani. Alhamisi tarehe 17 tulikuwa kwenye mazoezi wakati moto wa volkano ulipokuwa unashuka kutoka Munigi. Hatuna haja ya kuwasimulia watu wa Goma siku ile. Kila mmoja ana yake. Ya kwetu ni kwamba tulitoka na tulichoshika: Papa Swedi gitaa, Masika kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake, Julien ngoma, na Mama Ernestine ufunguo wa ukumbi, ambao kufikia usiku haukuwa na mlango tena.

Kesho yake tulikuwa Gisenyi, upande wa Rwanda, kwenye kiwanja cha shule, katikati ya watu wasiohesabika. Papa Swedi aliwatazama, akamtazama Masika, akatazama gitaa, na sisi tuliomjua tukaona anachokiwaza: watu wapo, mke yupo. Hapakuwa na jukwaa, ila palikuwa na ngazi za darasa. Akapanda, akaanza kwa sauti ya chini. Ubeti wa kwanza ulisikilizwa. Kisha mama mmoja aliyekuwa amekalia sufuria akamkazia macho.

"Yee, kumbe ni Komanda! Baba, utuchezee kidogo. Hii watoto haijacheka tangu jana."

Papa Swedi akamgeukia Masika. Masika akafungua ncha ya kikwembe. Nyumba yao ilikuwa imeshakwenda, vyombo na kitanda na picha za ukutani, na katika vitu vyote alivyoweza kuokoa, mwanamke huyu alikuwa ameokoa cherehani na shavu.

Kamba hatukuwa nayo. Tulinyoosha utepe wake wa kupimia nguo. Julien akauliza watu, tumebeba nini leo? Kisha muzee mmoja, bila kunyanyua kichwa, akasema: "Mulima."

Julien akawa mulima. Akaukaribia utepe polepole, mikono imepanuka.

"Weye! Simama hapo! Unaenda wapi na moto yote hii?"

"Naenda ku ziwa, mukubwa. Kuoga."

"Unakaa wapi?"

"Pale juu, mukubwa. Tangu zamani. Banaijua."

"Na barabara huioni? Batu bote banafuata barabara, weye unapita ndani ya chumba ya mutu! Ulibisha hodi?"

"Nilisahau, mukubwa."

"Ulisahau. Geuka, rudi, ubishe hodi mbele. Kama benyewe hawako, unangoja!"

Yule muzee alicheka. Alicheka kwa ukali, kama anayekohoa, na hakuacha haraka. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Mapendo, na Mapendo ilikuwa chini ya jiwe. Jioni hiyo Bariere ilichezwa mara nyingi, na kila mara watu walitaka kitu kile kile. Masika siku hiyo hakuuliza wimbo umefika wapi.

Ukumbi wa sasa tuliujenga mahali pale pale, juu ya jiwe hilo. Mgeni akiuliza ukumbi wa zamani uko wapi, tunamwonyesha sakafu.

Miaka iliyofuata ndiyo miaka ya mavuno. Tulikwenda Rumangabo kuwachezea walinzi wa mbuga, wakataja sokwe, na Komanda akamzuia sokwe kwa kukosa kadi ya uchaguzi, akamruhusu sokwe wa pili kwa sababu alifanana na mtu anayemjua. Tulicheza mashuleni, kwenye harusi, kwenye foleni za maji. Wakati wa Ebola Papa Swedi alitunga wimbo wa kunawa mikono ambao Goma nzima inaujua na watoto bado wanauimba. Una maneno manne, na moja ni sabuni. Alisikitika sana. "Wimbo wangu unajulikana," alisema, "na haiko ule."

Hapa lazima tueleze habari ya Kigoma, kwa sababu imesimuliwa vibaya na Julien.

Mwaka 2009 tulialikwa kwenye tamasha huko Tanzania. Kwa Papa Swedi ilikuwa neema: kule hakuna aliyemjua Komanda. Masika alikuja kwa nauli yake aliyoipata kwa kushona. Mtangazaji wa tamasha, kijana mchangamfu, alipewa jina la wimbo, ambalo ni "Masika" tu, na bila kuuliza zaidi akawaambia watu kwamba sasa watasikia wimbo wa kilimo, kuhusu mvua za masika. Hilo tulilivumilia. Kisha akaongeza, kwa kumsifu: "Na huyu mzee, ndugu zangu, msimwone hivi. Ana bongo sana!"

Kule kwao, mwenye bongo ni mwenye akili. Kwetu, kama kila mtu wa Goma ajuavyo, bongo ni uongo. Julien alisikia kaka yake akiitwa mwongo mbele ya umati, ugenini, Masika akisikiliza. Akapanda jukwaani.

"Weye kijana, bongo gani? Huyu muzee alikudanganya nini?"

"Nimemsifu, kaka! Nimesema ana bongo!"

"Unarudilia!"

Papa Swedi alikuwa ameshaanza. Ubeti wa kwanza uliimbwa chini ya ugomvi huo, na kufikia mwisho wake wasimamizi walikuwa wameshazima vipaza sauti. Yote yalielezwa baadaye, kwa soda, na wale vijana wawili waliagana wakikumbatiana. Nafasi yetu ilikuwa imeshapewa ngoma za Uvinza. Masika alirudi nyumbani na kilo kadhaa za dagaa na bila wimbo.

Mwaka 2012, Novemba, wimbo ulikuwa kwenye programu tena. Mwezi ule mji ulikuwa na programu nyingine, ya kubadilisha tena wenye bunduki.

Mwishowe aliamua kustaafu, na akaomba jambo moja tu. Tukamwandalia onyesho la kuaga Jumamosi tarehe 22 Mei mwaka huu, jioni. Mama Ernestine alibandika tangazo mlangoni: atakayetamka neno Komanda atatolewa nje bila kurudishiwa kiingilio. Ukumbi ulijaa. Papa Swedi akaketi na gitaa, mgongo kwa dirisha kubwa, akafumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya Jiwe Baridi, ubeti wa pili ukaanza.

Alipofumbua macho kidogo aliwaona watu wote wamenyanyua nyuso. Midomo wazi. Machoni mwao kulikuwa na mwanga mwekundu, na mama mmoja alikuwa analia. Akafumba tena, akaimba kwa moyo zaidi. Ni Julien aliyempigia kelele.

"Papa Swedi, acha! Geuka! Mulima!"

Mbingu yote nyuma yake ilikuwa nyekundu. Baadaye alituambia, bila uchungu, "Kwa muda kidogo nilifikiri ni mimi."

Tulikwenda Sake pamoja na wengine, ardhi ikitetemeka kila tulipokaa. Komanda alifanya kazi kila jioni kwenye ua wa shule tulikolala. Tuliporudi, Mama Ernestine alisema mtu hawezi kustaafu katikati ya tetemeko, itaonekana kama amekimbia. Tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Agosti.

Na sasa ya Jumamosi iliyopita, tarehe 28, saa tisa alasiri, kwa wale ambao hawakuwepo.

Julien alilichukua shavu mapema akalitia mfukoni na kuufunga kwa pini. Masika alikaa benchi la mbele, na kikwembe kipya ambacho alikishona mwenyewe. Papa Swedi alitoka bila kofia. Akaketi. Mtu wa nyuma akaanza "Ko—" na jirani yake akamziba mdomo kwa kiganja kizima. Gitaa likaanza.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Masika hakumtazama mumewe. Alitazama dirishani, kule mlimani, kwa jicho la mama anayemwonya mtoto kanisani. Ubeti wa tatu, ule uliotoboa karatasi. Vidole vya Papa Swedi si vile vya 1998, na mara mbili vilitafuta waya na kukosa, lakini alingoja, akaendelea. Ubeti wa nne. Hakuna gari la jeshi lililopita. Jiwe chini yetu lilitulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Si kwamba haukutugusa, ni kwamba kati yetu sote, hata Masika, hakuna aliyewahi kuusikia mwisho wa wimbo huo, na hatukujua kama ndio huo. Papa Swedi alitutazama, akatutazama tena.

"Imeisha," akasema.

Makofi yalidumu. Masika alipanda ngazi za jukwaa akishika ukuta, akamnyooshea kola ya shati, na kwa sababu vipaza sauti vilikuwa bado wazi tulimsikia wote.

"Asante, Papa. Sasa tumeoana."

Papa Swedi, kwa niaba ya Mama Ernestine, Julien na wote wa Jiwe Baridi, tunakushukuru. Ulikuja kutafuta jukwaa la wimbo mmoja, ukatupa kila kitu kingine ukingojea. Umetufanya tucheke pale ambapo kucheka kulikuwa kazi ngumu, na hukuwahi kumcheka mtu aliyeanguka. Tunakuombea siku tulivu nyumbani Murara, magoti yanayotii, wajukuu wanaosikiliza, na mulima unaokaa mahali pake. Wewe na Mama Masika mubaki na amani, na mlango wetu muufungue bila kubisha.

Kuhusu wimbo wenyewe: ni wa kawaida.